Flashi mbili ndogo ni bora kuliko diski moja kubwa

Wasikilizaji wetu wa Ruashi, nanyi jamaa mliofika hapa kwa kukimbia vita, swali moja linatufikia kwa midomo mingi: ninunue nini cha kutunzia karatasi na picha zangu? Mmoja ameona flashi sokoni, mwingine ameona kadi ya simu, wa tatu ameambiwa na muuzaji kwamba asiponunua diski ya tera moja hajafanya kitu. Nitaeleza kila chombo kinafaa kazi gani. Lakini upande wangu nautaja mapema: kwa mtu ambaye amewahi kuamka usiku na kukimbia, fedha ya kitu kimoja kikubwa ni afadhali inunue viwili vidogo, na hivyo viwili visilale katika nyumba moja.

Wauzaji wa mjini huzungumzia ukubwa na mwendo. Hayo ni maswali ya mtu ambaye nyumba yake haitembei. Jamaa waliotoka Goma baada ya mji kuanguka mwishoni mwa Januari 2025, na wale wa Bukavu katikati ya Februari mwaka huohuo, hawakuulizana nani ana diski yenye mbio. Watu wa Goma walikuwa wameshakimbia lava ya Nyiragongo Januari 2002, na tena Mei 2021. Na sisi Wakatanga hatuhitaji kutazama mbali hivyo. Watu wa Mitwaba, Pweto na Manono, katika eneo lililoitwa pembetatu ya kifo, wanajua maana ya kuacha sanduku la karatasi chini ya kitanda na kulikuta jivu, au kutolikuta kabisa.

Karatasi ikipotea, shida yake inakufuata mpaka hapa Lubumbashi. Mtoto aliyezaliwa anatakiwa aandikishwe katika siku 90. Zikipita, mambo yanahamia kwenye korti, na korti inataka mashahidi, muda na fedha. Mtu mzima aliyepoteza karti ya uchaguzi amepoteza kitu ambacho kwa wengi wetu ndicho kitambulisho pekee. Mwenye parseli alikotoka, siku moja atataka kuonyesha kwamba parseli ni yake. Mwanafunzi anataka buleteni zake ili asirudishwe darasa la chini. Mwalimu anataka diploma yake ya Serikali, ambayo alingoja kwa miaka mpaka ikatoka.

Picha ya karatasi si karatasi yenyewe, na mwandishi wa komine ana haki ya kukuambia hivyo. Lakini tazama vizuri cheti cha kuzaliwa: kina nambari ya akti, kina volume, kina folio. Ukiwa na picha inayosomeka, unaweza kumwambia mwandishi ni kitabu gani afungue na ukurasa gani. Bila hiyo unamwambia tu, "Nilizaliwa Kadutu," naye anakutazama. Ndiyo maana nasema tunazungumzia kitu chenye uzito. Hatuzungumzii vidude vya vijana.

Sasa hesabu kidogo, maana hapa ndipo watu wanapotoa fedha bure. Picha moja ya karatasi iliyopigwa kwa simu ya kawaida huwa mega 2 mpaka 4. Chukua karatasi zote za jamaa ya watu wanane, buleteni na karti za chanjo pamoja, useme ni 200. Hiyo ni mega 800 hivi, haijafika hata giga moja. Ongeza picha 3,000 za jamaa, za mega 4 kila moja: giga 12. Jamaa nzima, na mababu zake waliopigwa picha wakiwa wamesimama wima kama askari, inaingia katika flashi ya giga 16 na nafasi inabaki. Anayekuambia unahitaji tera moja anazungumzia video. Video ni kweli zinakula: saa moja ya harusi iliyorekodiwa vizuri inaweza kumaliza giga 7 au zaidi. Lakini video ya harusi na hukumu ya korti havina thamani moja, na havipaswi kukaa mahali pamoja.

Nianze na flashi, ile ambayo wengine huita kle, kwa sababu ndiyo iliyo mikononi mwa wengi. Ndani yake hakuna kinachozunguka. Kuna kipande kidogo chenye mabilioni ya vyumba vidogo sana, na kila chumba hushika chaji ya umeme. Chaji ikiwemo ni alama moja, isipokuwemo ni alama nyingine, na kwa alama hizo barua na picha zinaandikwa. Ikianguka chini haiumii sana. Inaingia kwenye mshono wa nguo, kwenye pindo la kitambaa cha kichwa, kwenye kiatu. Kwa mtu wa kukimbia, hizo ni sifa kubwa.

Udhaifu wake ni mitatu. Kwanza, chaji huvuja polepole. Flashi iliyofungiwa kabatini miaka mingi bila kuchomekwa inaweza kupoteza maandishi, na joto la chini ya bati huongeza kasi ya kuvuja. Kwa hiyo ichomekwe kila baada ya miezi michache, faili zifunguliwe, na kila mwaka zinakiliwe upya. Pili, inapotea kwa urahisi uleule unaoifanya ifichike. Tatu, na hapa nitakaa kidogo, soko limejaa flashi za uongo.

Uongo wenyewe unafanywa hivi. Mtu anachukua kipande cha giga 8, anabadilisha programu ndogo iliyo ndani yake ili iiambie kompyuta, "Mimi ni tera 2." Kompyuta inaamini. Unaweka giga 8 za kwanza, zinafunguka vizuri. Unaendelea kuweka. Majina ya faili yanaonekana, ukubwa unaonekana, lakini ndani hamna kitu, au picha mpya zimeandikwa juu ya zile za kwanza. Unagundua baada ya mwaka, siku unayohitaji. Muuzaji wa mkononi anayekuita, "Mama, kuja uone, tera mbili, bei kidogo," mara nyingi naye hajui, ameuziwa hivyohivyo.

Dawa ni kujaribu kabla ya kuamini. Kwenye kompyuta ya Windows kuna programu ya bure inayoitwa H2testw, na kwenye Linux ipo F3. Zote zinajaza flashi mpaka mwisho kisha zinasoma tena kilichoandikwa. Kama huna kompyuta, ijaze video mpaka ikatae, kisha uichomoe, uichomeke tena, ufungue ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Inachosha, lakini fanya siku ileile uliyonunua, muuzaji akiwa bado anakukumbuka. Na msigombane naye kwa sababu flashi ya giga 32 inaonyesha 29 na kitu, au ya 64 inaonyesha 59. Huo si wizi: kiwanda kinahesabu giga kwa elfu elfu, na kompyuta inahesabu kwa 1,024. Lakini flashi ya tera 2 inayouzwa kwa bei ya soda chache, hiyo msiulize hata maswali. Ipiteni.

Kadi ndogo ya simu ni ndugu wa flashi, kazi yake ndani ni ileile, na magonjwa ni yaleyale, pamoja na huo wa uongo. Ina faida moja ambayo watu wengi hawaijui. Kadi nyingi huuzwa pamoja na kifuko chake kikubwa cha kuingizia kwenye kompyuta, na ubavuni mwa kifuko hicho kuna kijiti cha kufunga. Ukikishusha, kompyuta nyingi zinakataa kuandika chochote juu ya kadi. Hiyo ina maana kubwa kwa mtu anayepeleka karatasi zake mahali pa fotokopi, ambako kompyuta moja inapokea flashi za mtaa mzima na virusi vyake vyote. Mnaijua ile shida ya folda zote kugeuka vijishale? Mara nyingi faili bado zimo, zimefichwa tu. Msikubali fundi akisema "tuifomati." Kufomati ndiko kunakofuta.

Onyo moja juu ya kadi. Simu nyingi za Android zinaweza kukuuliza kama unataka kadi itumike kama kumbukumbu ya ndani ya simu. Ukikubali, kadi inafungwa kwa ufunguo ulio ndani ya simu ileile. Simu ikiibiwa au ikifa, kadi haitasomeka popote pengine. Kwa jamaa ya wahami, jibu ni hapana. Chagueni iwe kadi ya kuhamishika.

Diski ngumu ni jambo jingine, na inanipa sababu ya kutoka nje ya mada kidogo. Wauzaji huiita "disque dur." Ndani kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kidogo kinaelea juu yake kikisoma alama za sumaku, kwa umbali ambao unywele wa mtu ni mnene kuupita mara maelfu. Ile ya kwanza kabisa ilitolewa na IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 na ukubwa wa makabati mawili, na ilibeba herufi milioni 5 tu. Sasa, tabaka la sumaku lililo juu ya sahani za leo limetengenezwa kwa mchanganyiko wenye kobalti. Kobalti, ndugu zangu, ile inayochimbwa pamoja na shaba hapahapa Ruashi. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inakwenda kwenye betri, na siwezi kumwambia mtu kwamba diski aliyoshika ina punje kutoka mgodi wetu. Lakini malori tunayaona yakipita na mzigo, na kitu kinachorudi dukani kwa dola tunakiona pia, na kijana wa mtaa akihesabu kama anaweza kununua cha giga 500.

Turudi. Uzuri wa diski ngumu ni kwamba inabeba mengi kwa bei ndogo kwa kila giga. Ubaya ni kwamba ni kitu cha kukaa mezani. Ikiwa imezimwa, kichwa kimeegeshwa pembeni, inavumilia safari kiasi. Ikianguka ikiwa inazunguka, kichwa kinagusa sahani na hapo hadithi inaweza kuisha. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, na delestaji hapa kwetu si habari mpya, faili zinaharibika, na wakati mwingine diski nzima inakataa kufunguka. Zile ndogo za inchi mbili na nusu zinakula umeme wa kompyuta yenyewe, basi mwenye kompyuta ya mkononi yenye betri nzima anaokoka. Zile kubwa zenye kamba yake ya umeme zinataka betri ya akiba, na umeme ukirudi kwa kishindo zinaweza kuungua.

Nani aichukue? Si mama aliyefika na watoto watano katika chumba cha kupanga. Aichukue parokia inayotunza picha za ubatizo na vitabu vya ndoa. Shule ichukue. Redio ya mtaa hasa. Saa moja ya sauti isiyobanwa ni mega 600 na zaidi. Redio inayorekodi saa tano kila siku inapita tera moja kwa mwaka. Hakuna flashi itakayobeba hayo kwa bei ya haki. Na hapa nina neno kwa viongozi wa mahali hapo. Kununua diski moja ya tera nne, kuiandika "Archives" kwa kalamu nyeupe na kuifungia kabatini si kutunza. Nunueni mbili za tera mbili. Moja ikae ofisini, nyingine ikae kwa mtu wa kamati anayekaa Kampemba au Kenya, na zibadilishane kila mwezi. Mwizi, moto na mvua haviji mitaa miwili usiku mmoja.

Halafu kuna SSD. Vijana wanaiimba, na si bure. Haina kinachozunguka, ni kama flashi kubwa iliyotengenezwa kwa uangalifu zaidi. Diski ngumu ya kawaida inasoma kama mega 100 au 150 kwa sekunde. SSD ya kawaida ya kuunganisha kwa SATA inafika 500, na zile mpya za NVMe zinapita hapo mara nyingi. Mwenye kompyuta kuukuu kutoka Ulaya, ile inayochukua dakika tano kuwaka, akiondoa diski ngumu na kuweka SSD ya giga 240, atadhani amenunua mashini mpya. Inakula umeme kidogo, na betri inakaa zaidi wakati wa giza. Kwa mwanafunzi wa UNILU anayeandika kazi yake ya mwisho, kwa mwenye mahali pa fotokopi, kwa mtu anayekata video za harusi, nasema nunueni, fedha hiyo haitapotea.

Ila SSD si sanduku la kumbukumbu. Chaji yake nayo huvuja. Kanuni ya JEDEC, shirika linaloweka vipimo vya vitu hivi, inadai SSD ya mtu wa kawaida iliyokwisha kutumika mpaka kikomo chake ishike maandishi mwaka mmoja bila umeme katika joto la digrii 30. Ikiwa mpya inashika zaidi ya hapo, lakini hiyo si ahadi ya miaka ishirini kabatini. Tena SSD ikifa, inakufa kimya. Diski ngumu kwa kawaida huanza kulia, kugonga, kuchelewa, na unapata nafasi ya kuokoa vitu. SSD jana ilikuwa nzima, leo haionekani. Na ukifuta faili kwa makosa, kompyuta huiambia SSD isafishe nafasi hiyo, na fundi hodari wa mjini hatakuta kitu cha kurudisha.

Juu ya CD na DVD nitasema kidogo tu. Zinavumilia kukaa, lakini kompyuta mpya hazina pa kuziingizia. Wenye nazo wahamishe vilivyomo mapema.

Intaneti je? Wengi wataniambia weka kila kitu Google, mambo yaishe. Ni kweli akaunti ya Google inatoa giga 15 bure, na tumeona kwamba karatasi za jamaa hazifiki hata giga moja. Kwa karatasi, nakubali kabisa: mega za intaneti zinazohitajika kupandisha picha 200 ni kidogo, na picha hizo zitakungojea hata ukifika Ndola au Kigoma bila mfuko. Kwa video, bei ya mega itakumaliza.

Lakini intaneti ina mlango, na ufunguo wa mlango huo mara nyingi ni nambari ya simu. Mtu anakimbia, simu inaibiwa njiani, nambari ya zamani inakaa miezi bila kutumika, kampuni inaifunga na siku moja inampa mwingine. Ukijaribu kufungua akaunti, inataka kutuma ujumbe kwenye nambari ambayo si yako tena. Umefungiwa nje ya sanduku lako mwenyewe. Dawa ipo: mwenye kutumia uthibitisho wa hatua mbili anaweza kuchukua kutoka Google nambari kumi za akiba za kufungulia. Ziandikeni kwa kalamu, zikae mahali pawili. Pia wekeni barua pepe ya ndugu mnayemwamini kuwa ya kurudishia akaunti. Na ingieni angalau mara chache kwa mwaka, kwa sababu akaunti isiyoguswa miaka miwili Google inaweza kuifuta. Tena tusisahau kwamba intaneti yenyewe inaweza kuzimwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 nchi nzima ilikaa zaidi ya majuma mawili bila intaneti. Siku hizo, aliyekuwa na flashi mfukoni ndiye aliyekuwa na karatasi.

Basi, kwa jamaa ya wahami, mimi ningepanga hivi. Flashi mbili za giga 16 au 32, za aina mbili tofauti, zisinunuliwe siku moja kwa muuzaji mmoja, ili ugonjwa wa moja usiwe wa zote. Karatasi zilezile ziwe katika zote mbili. Moja inabaki na mama au baba, nyingine inakaa kwa ndugu wa mtaa mwingine, au kwa mchungaji, au inapelekwa Likasi kwa shangazi. Nakala ya tatu ya karatasi peke yake iende intaneti. Kila Desemba, kabla ya sikukuu, zikutane, zifunguliwe, ziongezewe. Gharama yote ni chini ya diski moja, na hakuna fundi anayehitajika.

Mtu anaweza kuniambia kwamba nakala nyingi ni hatari, kwamba siri inatoka. Ana haki, na jambo hilo ni zito kuliko mengi niliyosema. Flashi yenye karti za uchaguzi za watu wanane ikiokotwa na mwenye nia mbaya, ina majina, tarehe za kuzaliwa, nyuso na mahali pa asili. Katika nchi ambamo watu wameulizwa asili yao barabarani, hilo si jambo dogo. Kwa hiyo zifungeni kwa neno la siri. Programu ya bure ya 7-Zip inaweza kufunga folda nzima kwa usimbaji wa AES, ule unaotumiwa na mabenki. Kijana yeyote wa mahali pa fotokopi anaweza kukuonyesha kwa dakika kumi. Lakini neno la siri uliandike wewe mwenyewe, naye akitazama pembeni, na kabla ya kutoka hakikisha picha zako hazikubaki kwenye kompyuta yake.

Hapo kuna watu ambao nawalaumu bila kuwataja. Wale wanaopita nyumba kwa nyumba kuandika majina ya wahami kwa ajili ya msaada. Nimeona orodha ya aina hiyo, majina na nambari za simu na kijiji cha kila mtu, ikitembea katika flashi isiyofungwa, ikiachwa mahali pa fotokopi ili "wachape kesho." Jamaa walitoa majina yao kwa sababu wana njaa. Anayeyabeba anapaswa kuyabeba kama fedha. Orodha ya namna hiyo ifungwe kwa neno la siri, na asiyeweza kufanya hivyo asiandike.

Juu ya faida ya nakala, mji huu una mfano wake. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa Kiswahili chetu cha hapa, historia ya Élisabethville kama ilivyokumbukwa na waliokuwa maboi katika nyumba za wazungu. Hakikuwa kitabu cha duka. Kwa kuwa nakala ilikuwepo, maandishi hayo yaliweza kumfikia Johannes Fabian, aliyeyatoa kama kitabu mwaka 1990. Leo mtu wa Lubumbashi anaweza kusoma mababu zake walisema nini juu ya mji wao.

Komine nayo ningeiomba kitu kimoja. Vitabu vya uandikishaji vya Ruashi ni vya karatasi, na karatasi tunajua adui zake: mchwa, mvua, moto. Simu moja nzuri, vijana wawili waliolishwa kiapo cha kutunza siri, diski mbili ngumu na miezi michache ya kazi, na kila ukurasa utakuwa na picha yake. Haihitaji mradi wa mamilioni ya dola wala mgeni wa kuja kutufundisha. Inahitaji mtu aamue, na kabati la pili katika jengo la pili.

Nimalizie na wale wanaoleta simu zilizovunjika kioo, wakiamini kwamba picha zimekufa. Kioo si kumbukumbu. Kama picha zilikuwa kwenye kadi, itoe kadi uijaribu kwenye simu nyingine kabla ya kumlipa mtu. Kama zilikuwa ndani ya simu, usikubali fundi "aifleshi" ili iwake, kwa maana hapo atafuta. Mwambie abadilishe kioo tu, hata kioo cha kuazima, muda wa kutoa picha. Na mwenye diski inayogonga tak-tak aizime sasa hivi, asiiwashe tena kujaribu. Kila mzunguko unakwangua zaidi, na fundi anaweza kuokoa kile tu ambacho hakijakwanguliwa.